Kisukari Kisicho na Sukari: Maelezo ya Ugonjwa na Jina Lake

Neno kisukari limezoewa na wasemaji wa Kiswahili hata halifikiriwi tena. Mtu alisikiapo hufahamu mara moja ya kuwa pana sukari iliyozidi mwilini, na ya kuwa mgonjwa atazuiwa vitu vitamu, atatobolewa kidole ili apimwe damu, na pengine atapigwa sindano ya insulini. Lakini uko ugonjwa mwingine ambao vitabu vya utabibu viliuita kwa jina hilohilo la Kiyunani, diabetes, kwa muda wa zaidi ya karne mbili, nao hauhusiani na sukari hata kidogo. Jina lake kamili la Kilatini ni diabetes insipidus. Ni ugonjwa wa maji: mgonjwa hukojoa mkojo mwingi mweupe mfano wa maji ya kisima, kisha hunywa kwa kiu isiyokatika ili arudishe kile alichopoteza.

Kuchanganya majina ya magonjwa haya mawili si kosa la kamusi tu. Mgonjwa wa namna hii akilazwa hospitali kwa ajili ya mguu uliovunjika, na katika hati yake pameandikwa kisukari, yaweza kutokea haya. Atapimwa sukari, ionekane iko sawa, na iandikwe ya kuwa ugonjwa wake umetulia. Kisha, kwa kuwa angojea kupasuliwa, atakatazwa kunywa. Na dawa yake ya kila siku, isiyofanana na dawa yo yote ya kisukari, itaachwa kando. Baada ya saa kadha mwili wake utakuwa umekwisha kumwaga maji kwa lita, chumvi katika damu itapanda, na mtu aliyekuwa akiomba maji ataanza kuweweseka na kupiga kelele, watu wakidhani ni ukorofi. Vifo vya aina hii vimetokea hata katika hospitali za nchi tajiri zilizokuwa na vifaa vyote. Hakikukosekana chombo cho chote ila ufahamu wa jina.

Asili ya jina hilo yafaa itazamwe kwanza. Wayunani walikuwa na kitenzi diabainein, maana yake kupita katikati, na kutokana nacho wakapata diabetes, jina lililotumika pia kwa mrija wa kuhamishia maji kutoka chombo kimoja hadi kingine. Aretaios wa Kapadokia, tabibu wa karne za mwanzo baada ya Kristo, alieleza habari za wagonjwa ambao maji hayatui ndani yao, hupita tu kama katika mrija. Kwa hiyo hapo mwanzo lilikuwa jina la maji, wala sukari haikutajwa. Katika Bara Hindi waganga wa kale walikuwa wameona ya kuwa sisimizi hukusanyika penye mkojo wa wagonjwa wengine, wakauita ugonjwa huo madhumeha, yaani mkojo wa asali. Lakini huko Ulaya jambo hili halikupata nguvu mpaka Mwingereza Thomas Willis alipoandika, mwaka 1674, ya kuwa mkojo wa wagonjwa wake ulikuwa na utamu wa ajabu. Mwaka 1776 Matthew Dobson alithibitisha ya kuwa utamu ule ni wa sukari. Ndipo ikabidi kutenga. William Cullen wa Edinburgh, katika karne hiyohiyo ya 18, alitofautisha diabetes yenye mkojo mtamu na ile yenye mkojo usio na utamu. Ya kwanza ikaitwa mellitus, yaani ya asali, na ya pili insipidus, yaani chapwa. Kipimo kilichoyagawa magonjwa haya, basi, kilikuwa ulimi wa tabibu. Siku hizi hakuna aonjaye, lakini majina yamebaki yakitoa habari za ladha, jambo ambalo halimfai mgonjwa wala mganga.

Kiswahili kiliingia katika habari hii kwa mlango mwingine. Lugha hii ina jamii kubwa ya majina ya maradhi katika ngeli ya KI-VI: kifaduro, kichocho, kisonono, kichomi, kizunguzungu, kipindupindu. Mengi kati yake yametokana na jambo alionalo mgonjwa mwenyewe au wale wamwuguzao. Kichomi chatokana na kuchoma, kizunguzungu na kuzunguka, kipindupindu na kupindua. Kisukari kimefuata umbo hilohilo, lakini shina lake ni jina la kitu, sukari, lililotoka katika Kiarabu. Na kitu hicho mgonjwa hakisikii, bali hupatikana kwa kupima. (Ndizi kisukari nayo imepewa jina kwa sababu ya utamu wake, na hapo hakuna awezaye kukosea.) Matokeo ni ya kuwa jina diabetes katika lugha za Ulaya laweza kugawanywa kuwa ya asali na isiyo na ladha bila ya kujipinga, kwa kuwa maana yake ya asili ni kupita tu, bali jina kisukari haliwezi. Mfasiri ashikaye neno kwa neno atapata kisukari chapwa, yaani kitu cha sukari kisicho na utamu, na msomaji wake atadhani ya kuwa ni kisukari hafifu, kile ambacho bado hakijawa kikali. Hakuna tafsiri iliyo hatari kuliko hiyo.

Ili jina lifaalo lipatikane, sharti ijulikane kwanza namna mwili utunzavyo maji yake. Figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu kila siku, na karibu yote hurudishwa. Hutoka lita moja na nusu au mbili hivi. Sehemu kubwa hurudi yenyewe katika mirija ya mwanzo ya figo. Lakini sehemu ya mwisho, ambayo ni kama moja ya kumi, hurudi kwa amri tu. Amri hiyo huletwa na homoni iitwayo vasopresini. Hutengenezwa katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, hushuka hadi nyuma ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na hapo huwekwa akiba. Damu ikizidi kuwa nzito kwa chumvi, hata kwa kiasi kidogo sana, homoni hutolewa. Hufika kwenye figo, hushika kipokezi chake, na mirija hufungua vijitundu vya maji. Vijitundu hivyo ni protini ziitwazo akwaporini, na kwa kuzigundua Mmarekani Peter Agre alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Maji hurudi katika damu, mkojo hupungua na kukolea. Wakati huohuo kiu humwamsha mtu akanywe. Homoni na kiu ni walinzi wawili wa bwawa moja, na mmoja akianguka wa pili hulazimika kufanya kazi ya wote.

Katika ugonjwa huu aangukaye ni mlinzi wa kwanza, naye huanguka kwa njia mbili. Yawezekana amri haitolewi, au hutolewa kidogo mno, kwa kuwa tezi au ubongo umeumia: kwa uvimbe, kwa pigo la kichwa, kwa upasuaji wa mahali hapo, kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, kwa mwili kujishambulia wenyewe, na mara chache kwa urithi. Au yawezekana amri hutolewa kama kawaida, lakini figo haziitiki. Hali hii ya pili huletwa na kutumia kwa muda mrefu dawa ya lithiamu, ambayo hupewa watu wenye maradhi fulani ya akili, au na kalsiamu iliyozidi katika damu, au na potasiamu iliyopungua. Na kwa watoto huwa zaidi ya urithi. Jeni ya kipokezi cha figo iko katika kromosomu X, ilijulikana mwaka 1992, nayo ndiyo sababu ya kuwa watoto wa kiume ndio wapatwao zaidi, ingawa mama zao ndio waichukuao. Iko pia namna ipatayo waja wazito, kwa sababu kondo la nyuma hutoa kimeng'enya kivunjacho vasopresini. Mara nyingi hutoweka baada ya kujifungua. Wala wasisahauliwe wale wanywao maji mengi kwa mazoea au kwa ugonjwa wa akili, hata mkojo wao ukawa mwingi: hao walinzi wao wote ni wazima, na kuwapa dawa ya homoni kwaweza kuwaua.

Kiasi cha mkojo hupita lita 3 kwa siku kwa mtu mzima, na katika hali kali hufikia lita 15 au 20. Mtu hawezi kulala usiku mmoja bila ya kuamka mara nyingi, na mara nyingi hutaka maji baridi hasa. Kwa jumla ugonjwa ni wa nadra. Hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 25,000 hivi anao. Mtoto mchanga hawezi kusema ana kiu. Hulia, hupata homa isiyo na sababu, hufunga choo, hakui, na hutulia apewapo maji badala ya maziwa. Mtoto mkubwa kidogo hukojoa kitandani. Hapa lugha ina neno lake tayari, kikojozi, na neno hili ni la kejeli: humhesabia mtoto kosa. Mzazi alitumiaye hufuata dawa itokanayo nalo, yaani kumnyima mtoto maji tangu jioni. Kwa mtoto mwingine mzima huenda isimdhuru. Kwa mtoto huyu ni kumkausha. Mtoto akojoaye kitandani, na pamoja na hayo aamkaye usiku kutafuta maji hata ya ndoo ya kuogea, si wa kuchekwa wala kuadhibiwa. Ni wa kupelekwa kwa daktari.

Daktari naye huanza kwa kupima sukari, ili kisukari chenyewe kiondolewe katika hesabu, kisha hupima mkojo wa saa 24 na chumvi ya damu. Kipimo cha zamani ni kumzuia mgonjwa maji kwa saa kadha huku akipimwa uzito, mkojo na damu. Mtu mwenye afya atakoleza mkojo wake; mgonjwa ataendelea kutoa maji matupu. Kisha hupewa desmopresini, ambayo ni vasopresini iliyobadilishwa kidogo: mkojo ukikolea, kasoro iko katika ubongo; usipokolea, iko katika figo. Kipimo hiki ni cha hospitali tu, mbele ya mtu ajuaye wakati wa kukikomesha, na kukijaribu nyumbani ni kuchezea roho. Tena matokeo yake si wazi sikuzote. Mwaka 2018 wataalamu walionyesha njia iliyo bora zaidi, ya kutia maji ya chumvi kali mshipani na kupima kopeptini, ambayo ni kipande kitokacho pamoja na vasopresini kwa kiasi kilekile lakini hakiharibiki upesi. Njia hiyo yataka maabara yenye uwezo, kwa hiyo mahali pengi kipimo cha zamani kingali kikitumika.

Tiba ya upungufu wa homoni ina historia fupi na nzuri. Mwaka 1913 matabibu wawili, mmoja wa Italia na mmoja wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waliona ya kuwa maji yaliyotolewa katika sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari ya wanyama hupunguza mkojo wa wagonjwa hawa. Vincent du Vigneaud wa Marekani aliitambua homoni yenyewe na kuitengeneza katika maabara, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Mwaka 1967 desmopresini ilitengenezwa huko Prague, nayo ndiyo dawa itumikayo hata leo, kwa vidonge, kwa kupulizia puani au kwa sindano. Hudumu zaidi kuliko homoni ya asili na haipandishi shinikizo la damu kama hiyo.

Ugumu wa tiba hauko katika kuipata nguvu ya dawa bali katika kuizuia. Atumiaye desmopresini figo zake zimeamriwa kushika maji, zitake zisitake. Akiendelea kunywa kwa mazoea yake ya zamani, ya chupa kando ya kitanda na kata mkononi, maji yatamjaa, chumvi ya damu itashuka chini ya milimoli 135 kwa lita ambayo ndiyo mpaka wa kawaida, na ataumwa kichwa, atatapika, atachanganyikiwa, pengine atashikwa na kifafa. Kwa hiyo hufundishwa kunywa akisikia kiu tu, na kuacha akiisha kuikata. Wagonjwa wengi hushauriwa pia kuchelewesha dawa mara moja kwa juma, mpaka mkojo mwingi urudi, ili maji yaliyozidi yapate kutoka. Yuko mgonjwa mmoja aliye taabani kuliko wote: yule ambaye jeraha la ubongo limemwondolea homoni na kiu pamoja. Yeye hupangiwa kiasi cha maji kwa siku, hupimwa uzito kila asubuhi, na mtu wa nyumbani ndiye awaye kiu yake.

Kwa wale ambao figo zao haziitiki, desmopresini haina faida kubwa. Wao hupunguziwa chumvi katika chakula, hutafutiwa chanzo kiwezacho kuondolewa, na hupewa dawa za jamii ya thiazidi. Hapa pana jambo la kushangaza, kwa kuwa thiazidi ni dawa za kuongeza mkojo. Tangu mwaka 1959 imejulikana ya kuwa kwa mgonjwa huyu huupunguza: mwili hupoteza chumvi kidogo, na kwa kupungukiwa hivyo mirija ya mwanzo ya figo huvuta maji mengi zaidi, hata yafikayo kwenye mirija ya mwisho, iliyo viziwi, huwa machache. Katika joto la pwani, na katika mwezi wa Ramadhani, wagonjwa wa aina zote mbili huhitaji shauri la daktari kabla ya jambo jingine lo lote; kukaa mchana kutwa bila maji ni hatari kubwa kwa asiyetibiwa.

Kwa kuwa dawa ipo na kazi ya homoni yajulikana, lililobaki bila kutengenezwa lilikuwa jina. Lugha zingine zilijikinga mapema. Wajerumani walikuwa na Zuckerharnruhr na Wasserharnruhr, yaani kuhara mkojo wa sukari na kuhara mkojo wa maji, maneno yasiyopendeza masikioni lakini yasiyodanganya. Wajapani huita kisukari tonyobyo, ugonjwa wa mkojo wenye sukari, na huu wa pili huuita nyohosho, ambalo maana yake ni kubomoka kwa mkojo, kama ukingo ubomokavyo. Majina hayo mawili hushirikiana neno la mkojo tu. Warusi husema diabetes isiyo ya sukari. Waarabu, ambao neno lao as-sukkari lina shina moja na kisukari, walijikuta katika tatizo lilelile la Kiswahili, na jina mojawapo watumialo ni as-sukkari al-kadhib, yaani kisukari cha uwongo. Jina hili latia onyo, lakini lina dosari: laweza kumfanya mtu adhani ya kuwa ugonjwa wenyewe ndio wa uwongo.

Katika mwaka 2022 wagonjwa zaidi ya elfu moja wenye upungufu wa homoni waliulizwa habari zao. Asilimia 80 walisema ya kuwa wahudumu wa afya wamewahi kuuchanganya ugonjwa wao na kisukari, na asilimia 85 waliunga mkono jina jipya. Mwaka huohuo vyama vya wataalamu wa homoni vya nchi mbalimbali vilikubaliana: ule wa ubongo uitwe upungufu wa vasopresini, na ule wa figo uitwe kwa jina lenye maana ya kuikataa vasopresini, huku jina la kale likiandikwa kando kwa muda wa mpito. Mchunguzi wa lugha ataona ya kuwa jina hili nalo halina usafi kamili. Vasopresini maana yake ni ile ikazayo mishipa, kwa kuwa mwaka 1895 maji ya tezi hiyo yalionekana kwanza kupandisha shinikizo la damu. Kazi yake kubwa, ya kushika maji, ilijulikana baadaye, na jina halikungoja. Lakini kosa hili si kama lile. Halimpeleki muuguzi kwenye dawa ya ugonjwa mwingine.

Kwa Kiswahili, upungufu wa vasopresini ni jina linalokubalika bila taabu, na ni bora kuliko ukosefu, kwa kuwa wagonjwa wengi wana kiasi kidogo cha homoni kilichobaki. Jina la pili ndilo gumu. Usugu hutumika zaidi kwa viini vishindavyo dawa. Ukinzani wa vasopresini una kasoro ya kisarufi, kwani kiunganishi -a hakisemi ni nani akinzaye na nani akinzwaye. Msomaji aweza kufahamu ya kuwa vasopresini ndiyo ikinzayo. Kitenzi kuitika, ambacho kila mtoto akijua, chaondoa shaka hiyo: figo kutoitika vasopresini. Ni maneno matatu badala ya moja, na wapendao istilahi fupi hawatafurahi. Lakini mgonjwa akisomewa ataelewa kinachomsumbua bila ya mkalimani. Yaweza pia kutumika jina moja la kawaida kwa magonjwa yote mawili, ugonjwa wa kiu na mkojo, mradi sukari isitajwe, wala kikojozi.

Nao wagonjwa hushauriwa kuchukua kadi, au kuvaa bangili, yenye maelezo kwa wale watakaowaokota barabarani au kuwapokea hospitali. Maelezo hayo kwa Kiswahili yaweza kuwa hivi kwa mgonjwa wa upungufu: Huyu hana kisukari. Mwili wake hauwezi kushika maji bila dawa ya desmopresini. Dawa isikatizwe, hata kama amekatazwa kula na kunywa. Akiwa hawezi kunywa, atiwe maji mshipani na chumvi ya damu ipimwe mara kwa mara. Kwa mgonjwa wa figo sentensi za dawa hubadilishwa, na ile ya kwanza hubaki kama ilivyo.